Mama, dawa isiyo na jina isiingie kinywani mwako



Katika ukurasa wa usalama tumezoea kusoma juu ya kofia ya kazi, viatu, vumbi na macho. Leo tuuache mgodi kidogo, tuingie nyumbani. Tuseme juu ya mwili wa mama mwenye miaka 40 na zaidi, na juu ya dawa za kukondesha ambazo siku hizi zinauzwa kila mahali: sokoni, kituoni, mlangoni mwa jirani, hata kwa simu.

Kila mfanyakazi wa kiwanda anajua sheria moja. Ukikuta pipa lisilo na alama, hulifungui, hulinusi, hutii mkono ndani yake. Unaita mkubwa wa kazi. Labda ni maji, labda ni asidi. Hujui, basi huligusi. Lakini mtu huyuhuyu akirudi nyumbani anakuta juu ya meza kifuko cha nailoni chenye vidonge vyeupe visivyo na jina, ambavyo bibi yake anameza asubuhi na jioni, na hasemi neno. Maoni yangu ni haya: sheria ya pipa ni sheria ya kidonge pia. Na tumbo la mama halitapungua salama kwa dawa ya kuficha. Litapungua kwa kazi ya nyumba nzima, na pale dawa inapohitajika kweli, kwa mkono wa munganga.

MWILI WA MAMA UNABADILIKA

Kati ya miaka 45 na 55, wanawake wengi wanaacha kupata damu ya mwezi. Miaka kadhaa mbele ya hapo mabadiliko yanaanza. Damu inachelewa, au inakuja mara mbili. Joto linapanda usoni usiku. Usingizi unakatika. Mafuta ambayo zamani yalikaa mapajani na matakoni yanahamia tumboni. Misuli nayo inapungua kidogo kidogo, na misuli inakula nguvu ya chakula hata tukiwa tumekaa. Basi mama anakula sahani ileile ya zamani, lakini mwili wake unahitaji chakula kidogo kuliko zamani. Kinachobaki kinawekwa akiba.

Huu si uvivu, si aibu, wala si uchawi wa jirani. Lakini mafuta ya tumboni si sawa na mafuta ya mapajani. Yanazunguka ini na matumbo, yanafungua njia kwa tansio, ugonjwa wa sukari na ugonjwa wa moyo. Ndiyo sababu sisi wa dispanseri tunauliza habari ya kiuno kuliko habari ya uzuri.

Mama, chukua mita ya fundi wa nguo. Izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Toa pumzi, usivute tumbo ndani, kisha soma. Ukipita sentimita 80, anza kujiangalia. Ukipita sentimita 88, njoo dispanseri wiki hii, hata kama husikii maumivu. Tansio na sukari vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kupiga hodi.

JANA KUNENEPA, LEO KUKONDA

Tuseme ukweli wa mitaa yetu. Kwetu mwanamke mnene amehesabiwa siku zote kuwa mwanamke anayetunzwa. Akikonda, majirani wanasema bwana yake hamlishi, au wananong'ona juu ya SIDA na kifua kikuu. Kwa hiyo msichana wa miaka 20 anatafuta dawa ya kunenepa. Anauziwa deksametazoni, au siproeptadini, au zote mbili pamoja.

Deksametazoni ni dawa kali, munganga anaitoa kwa magonjwa makubwa kama vile uvimbe wa hatari au alerji kali. Ukiimeza muda mrefu bila sababu, inavimbisha uso na tumbo, inapandisha sukari na tansio, inadhoofisha mifupa na misuli, inapunguza nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa. Siproeptadini ni dawa ya alerji. Inaleta usingizi na njaa. Msichana anadhani ameota mwili. Kumbe sehemu moja ni maji na uvimbe, na sehemu nyingine ni mafuta ya tumbo.

Miaka 20 inapita. Mwanamke huyo sasa ana miaka 42, magoti yanamuuma, tansio yake ni 16 juu ya 10. Anarudi kwenye meza ileile ya sokoni, safari hii kuomba dawa ya kukonda. Muuzaji anayo hiyo pia! Mara ya kwanza alimuuzia tumbo, mara ya pili anamuuzia njia ya kuliondoa. Faida yote imekaa upande mmoja wa meza.

Onyo moja kubwa. Aliyemeza deksametazoni muda mrefu asiikate ghafla. Mwili wenyewe unatengeneza kitu cha namna hiyo kila siku, lakini ukizoea kidonge, tezi zinazokitengeneza zinalala. Ukikata siku moja, unaweza kuanguka na hata kufa. Njoo uone munganga, atakupunguzia hatua kwa hatua. Hatutakugombeza.

DAWA ZA MEZANI SOKONI ZINAFANYA NINI?

Nyingi ni za namna tatu.

Ya kwanza ni chai na vidonge vya kuharisha. Chakula kinaingia katika damu kupitia utumbo mwembamba. Dawa hizi zinafanya kazi zaidi katika utumbo mpana, wakati nguvu ya chakula imekwisha kuingia mwilini. Mafuta hayatoki chooni. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Mizani inashuka kilo 1 au 2, mama anafurahi, anakunywa maji, kilo zinarudi. Akiendelea miezi na miezi, utumbo unaweza kuzoea na kushindwa kufanya kazi vizuri bila dawa.

Ya pili ni vidonge vya kukojoza. Hivyo ni dawa nzuri sana kwa mgonjwa wa moyo au wa tansio ambaye munganga amempima. Kwa mtu anayetaka kukonda tu, vinatoa maji na potasiamu. Potasiamu ikipungua sana, miguu inakazana, moyo unapiga ovyo, unaweza kusimama.

Ya tatu ni vidonge vya kuua njaa, na hapa historia inatufundisha. Katika mwaka wa 1997 dawa iitwayo fenfluramini iliondolewa sokoni katika Ulaya na Marekani kwa sababu iliharibu milango ya moyo. Ndugu yake, benfluoreksi, iliuzwa Ufaransa kwa jina la Mediator tangu 1976 mpaka 2009. Iliandikwa kuwa dawa ya wagonjwa wa sukari, lakini watu wengi, wanawake kwa wanaume, waliipewa kwa kukonda. Iliharibu mioyo na kuua watu, na mwaka wa 2021 mahakama ya Paris iliihukumu kampuni iliyoitengeneza, Servier. Mwaka wa 2010 ikafuata sibutramini, iliyosimamishwa Ulaya na kuondolewa Marekani kwa ajili ya hatari ya moyo na ya kiharusi. Lakini sibutramini haikufa. Mara nyingi wapimaji wa dawa wa nchi mbalimbali wameikuta imefichwa ndani ya vidonge na chai ambazo karatasi yake inasema ni majani na mizizi tu.

Fikiri, mama. Kama nchi zenye maabara kubwa zilihitaji miaka mingi kuona hatari ya dawa yenye jina, sanduku na kiwanda kinachojulikana, wewe utaionaje hatari ya kidonge kisicho na chochote?

DAWA YA KWELI IPO, LAKINI INA SHERIA YAKE

Wengine wenu mmesikia habari za sindano mpya za kukondesha. Habari hizo si uongo. Dawa moja inaitwa semaglutidi. Inafuata mfano wa kitu ambacho utumbo wetu wenyewe unatoa baada ya kula, ili kuuambia ubongo: nimeshiba. Ilikubaliwa Marekani mwaka wa 2017 kwa ugonjwa wa sukari kwa jina la Ozempic, na mwaka wa 2021 kwa kupunguza uzito kwa jina la Wegovy. Inadungwa mara 1 kwa wiki.

Katika utafiti mmoja mkubwa uliotangazwa mwaka wa 2021, watu walioipata kwa wiki 68 walipungua, kwa wastani, karibu 15 kwa 100 ya uzito wao. Mtu wa kilo 90 angepungua kilo 13 hivi. Lakini sikilizeni sehemu ambayo muuzaji hasemi. Watu wale walifundishwa pia kula kwa kipimo na kutembea. Na walipoacha sindano, mwaka mmoja baadaye theluthi mbili za uzito uliopungua zilikuwa zimerudi. Basi si dawa ya mwezi mmoja kwa ajili ya arusi. Ni dawa ya muda mrefu, kama dawa ya tansio.

Imekusudiwa mtu mwenye unene wa ugonjwa. Munganga anahesabu hivi: kilo zako gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu uleule. Mama wa kilo 90 na mita 1.60 anapata 35. Kuanzia 30 ni unene wa ugonjwa. Kuanzia 27 munganga anaweza kuifikiria kama kuna tansio, sukari au ugonjwa mwingine pamoja. Mama wa 24 anayetaka tu kiuno cha binti yake haimhusu.

Inaleta kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo. Mara chache inaleta mawe katika nyongo, au uvimbe wa kongosho wenye maumivu makali ya tumbo. Mwenye mimba haipati, na anayetaka mimba anaiacha miezi 2 mbele. Mama wa miaka 44 asiseme hili halinihusu. Mimba ya mwisho mara nyingi inakuja bila kuitwa. Tena mtu akikonda haraka anapoteza misuli pamoja na mafuta. Asiyekula vizuri na asiyetumia mwili wake anabaki na uzito mdogo na miguu dhaifu.

Halafu kuna jambo la baridi. Sindano ambayo haijaanza kutumiwa inakaa katika frigo, kati ya digri 2 na 8, wala isigande. Sindano iliyosafiri siku nzima ndani ya mfuko wa abiria, ikalala katika nyumba ambayo umeme umekatika, nani atakuambia kama bado ni dawa? Na mwezi wa 6 mwaka wa 2024 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilionya dunia nzima juu ya Ozempic ya uongo iliyokutwa Brazili, Uingereza na Marekani. Ikiwa uongo umepita huko, mitaa yetu haina ukuta mrefu zaidi.

Mimi sipingi dawa hii. Mama ambaye munganga amempima na kumwandikia, asichekwe na mtu. Anatibiwa ugonjwa kama mgonjwa mwingine. Ninapinga ile inayotoka mfukoni mwa mtu.

CHUNGU CHA NYUMBA NI KIMOJA

Sasa tuseme juu ya kazi ya kila siku. Habari njema ni kwamba hatuhitaji kupungua sana. Mama wa kilo 90 akipunguza kilo 4 na nusu tu, tansio na sukari vinaweza kuanza kusikia.

Tuanze na zamu. Baba akifanya zamu ya mchana, anafika nyumbani usiku baada ya saa nne. Mama amekwisha kula na watoto saa moja. Baba akifika, mama anamwekea chakula, na kwa heshima na mapendo anakaa kula naye tena. Katika nyumba zetu nyingi tumbo la mama limejengwa na sahani hii ya pili. Baba, mwambie bibi yako akae nawe na kikombe cha maji. Mazungumzo yatakuwa matamu vilevile.

Bukari haina kosa. Kosa ni kipimo chake. Gawa sahani mara mbili. Nusu moja iwe mboga: lenga-lenga, matembele, sombe, kabichi. Nusu nyingine igawanyike kati ya bukari na kitu cha kujenga misuli: maharagwe, ndakala, samaki, yai. Mama wa umri huu anayepunguza nyama na samaki ili watoto wapate, huku akijaza tumbo kwa bukari, anajinyima kile anachohitaji zaidi. Maharagwe hayana bei ya nyama na yanajenga.

Mawese ni mali yetu, lakini yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani. Kijiko 1 kikubwa cha mafuta yoyote kina kalori 120 hivi, karibu sawa na nusu saa ya kutembea. Soda 1 ya sentilita 33 ina sukari karibu gramu 35, yaani vijiko vidogo 7 au 8. Chupa kubwa ya bia inapita kalori 250. Anayekunywa mbili jioni amekula chakula kingine bila kukiona. Bitoyo iloweshwe na maji yake yamwagwe, maana chumvi ya siku nzima isipite kijiko 1 kidogo.

Miguu nayo ina kazi. OMS inashauri dakika 150 za kutembea kwa nguvu kila wiki, ni sawa na nusu saa kwa siku 5. Mama anayelima shamba wakati wa mvua anapita kipimo hicho. Lakini mvua ikiisha anakaa miezi mitano, na sokoni anakwenda kwa pikipiki. Basi kwenda sokoni iwe kwa miguu, kurudi na mzigo panda pikipiki. Na mara 2 kwa wiki fanya kazi ya misuli: kaa kitini, simama bila kujishika, mara 10, pumzika, rudia, mpaka mara 3. Haihitaji mashine wala nguo maalum.

NJOO UPIMWE

Kuna mambo manne ya kukuleta bila kungoja. Tansio yako imefika 14 juu ya 9 au imepita. Sukari ya asubuhi kabla ya kula imefika 126. Unakonda bila kutaka: hiyo si bahati, inaweza kuwa sukari, kifua kikuu, SIDA au kansa, na yote yanatibiwa vizuri zaidi yakijulikana mapema. Au umekwisha kukaa mwaka mzima bila damu ya mwezi, kisha damu inarudi, hata tone.

Na kama umemeza kitu cha sokoni, kilete. Leta kifuko, leta kijikaratasi, leta hata kidonge kimoja kilichobaki. Munganga anayejua ulichomeza anakutibu haraka kuliko anayebahatisha.

NENO KWA BABA, NENO KWA WAKUBWA

Baba, usimcheke bibi yako mbele ya watoto juu ya mwili wake, halafu ukashangaa kwamba anaficha vidonge chini ya godoro. Wala usilete wewe mwenyewe hicho kifuko kama zawadi. Vaa viatu, tembeeni pamoja jioni. Mara nyingi tumbo lako nalo linahitaji safari hiyo.

Kwa wakubwa wa kazi ninasema kwa heshima. Mfanyakazi anaitwa kupimwa kwa tarehe yake: macho, masikio, mapafu, tansio. Bibi yake anaonekana dispanseri akiwa na mimba, akileta mtoto, au akiwa amekwisha kuanguka. Kati ya mimba ya mwisho na ugonjwa wa kwanza kuna miaka 10 au 15 ambayo hakuna mtu anayempima. Ni miaka ileile ambayo muuzaji wa vidonge anamhudumia vizuri sana. Ninaomba siku 1 kwa mwezi iwe siku ya akina mama wa miaka 40 na zaidi: mizani, mita ya nguo, mashine ya tansio, tone la damu kwa sukari. Vitu hivyo vingi tunavyo tayari. Gharama yake ni ndogo mbele ya gharama ya mama aliyepooza upande mmoja, ambaye bwana yake anakosa kazi kwa kumwuguza na binti yake anaacha shule kwa kumpikia.

Mama, kabla ya kumeza, uliza maswali matatu: Jina lake nani? Nani ameniandikia? Inatibu ugonjwa gani ambao nimepimwa? Jibu moja likikosa, kidonge hicho ni pipa lisilo na alama. Usikifungue. Mlango wa dispanseri hauna zamu ya aibu.

Usalama kwanza, mgodini na nyumbani.

Msaidizi wa munganga, dispanseri ya Kampani